Soma Mwenyewe Ujumbe wa Simu

Zamani mkulima aliyetaka kumpelekea mwanawe fedha mjini alikwenda posta, au alimpa dereva wa basi bahasha. Siku hizi fedha hupita katika simu ya mkononi. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka 2008.

Simu inarahisisha kazi. Unaweza kulipwa fedha za mahindi ukiwa nyumbani. Unaweza kumtumia mtoto nauli bila kusafiri. Lakini simu inamtaka mtu anayejua kusoma.

Kwa nini? Fedha zikiingia, simu huleta ujumbe. Ujumbe hutaja kiasi, jina la aliyetuma na salio. Matapeli nao huandika ujumbe wa uongo. Husema, "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wengine husema wamekutumia fedha kimakosa, uwarudishie. Asiyejua kusoma humpa mtu simu amsomee, tena humtajia namba ya siri. Hapo amempa ufunguo wa ghala lake.

Basi fanya hivi:

1. Soma ujumbe mwenyewe, polepole, mpaka mwisho.

2. Ukiambiwa urudishe fedha, tazama salio lako kwanza.

3. Ndugu akiomba fedha kwa ujumbe, mpigie kwa namba yake unayoijua. Sikia sauti yake.

4. Usimtajie mtu namba yako ya siri, hata wakala.

Umejifunza kusoma. Sasa linda jasho lako. Na jirani yako asiyejua kusoma, mlete darasani.