Safari ya Mashua Mto Thu Bon: Jinsi Vijiji vya Ufundi vya Vietnam Vinavyoendelea Kuishi

Kila asubuhi, katika gati lililo kando ya Mtaa wa Bach Dang mjini Hoi An, katikati ya Vietnam, mashua za mbao zenye injini hupakia wageni na kuelekea upande wa juu wa Mto Thu Bon. Mwendo wenyewe si mrefu. Kijiji cha wafinyanzi cha Thanh Ha kiko takriban kilomita tatu magharibi mwa mji wa kale, na kijiji cha maseremala cha Kim Bong kiko ng'ambo ya mto, katika kisiwa cha Cam Kim. Ratiba nyingine huendelea mashariki hadi Cam Thanh, penye msitu wa minazi ya majini. Wapo pia wageni wanaokwenda kwa basi kuona magofu ya mahekalu ya My Son, yaliyojengwa na watu wa Champa, kisha wakarudi kwa mashua na kutua katika kimojawapo cha vijiji hivyo.

Hoi An ulikuwa katika mkoa wa Quang Nam, ambao tangu tarehe 1 Julai 2025 umeunganishwa na Jiji la Da Nang. Katika karne ya 16 na ya 17 mji huo ulikuwa bandari kubwa iliyopokea wafanyabiashara wa Kichina, Kijapani, Kireno na Kiholanzi. Baadaye mchanga ulijaa mtoni, meli kubwa zikashindwa kuingia, na biashara ikahamia Da Nang. Kudorora huko, kwa namna ya ajabu, ndiko kulikoiokoa Hoi An: hapakuwa na fedha za kubomoa nyumba za zamani na kujenga mpya. Mwaka 1999 Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni (UNESCO) liliuingiza mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia, pamoja na My Son. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika orodha hiyo mwaka mmoja baadaye.

Vijiji vya kando ya mto haviwezi kuelezwa bila mji huo, kwa kuwa vilizaliwa kwa ajili yake. Bandari ilihitaji vigae vya kuezekea, matofali ya sakafu, mitungi ya kuhifadhia mchuzi wa samaki, nguzo za nyumba na mashua za kubebea mizigo. Mahitaji hayo yaligawanywa kijiji kwa kijiji, na kila kijiji kikashika kazi yake kwa vizazi.

Thanh Ha inakumbuka kuwa wazee wake walihama kutoka kaskazini, hasa eneo la Thanh Hoa, wakaanza ufinyanzi hapo takriban karne ya 16. Udongo wa mfinyanzi ulipatikana kando ya Thu Bon, na mto huohuo ulisafirisha bidhaa. Vyungu vya hapo havipakwi rangi ya kung'aa. Hutoka tanurini vikiwa na rangi ya udongo uliochomwa, kuanzia nyekundu na waridi hadi kahawia na nyeusi, kutegemea mahali chombo kilipokaa na nguvu ya moto.

Kinachowashangaza wengi ni gurudumu. Katika njia ya asili, gurudumu la Thanh Ha huendeshwa na watu wawili, na mara nyingi wote ni wanawake. Mmoja husimama akilisukuma kwa mguu mmoja, huku mikono yake ikikanda udongo na kuutayarisha kwa chombo kinachofuata. Mwenzake huketi chini na kukifinyanga chombo kwa vidole na kitambaa chenye maji. Mwendo wa mguu na mwendo wa mikono ni lazima uwiane. Mmoja akiharakisha, ukingo wa chungu hupinda. Ndiyo maana mara nyingi huonekana mama na binti, au mama mkwe na mkwe wake, wakifanya kazi katika gurudumu moja, na ndiyo maana kijana mmoja anapohamia mjini kutafuta ajira ya hoteli, nyumba hupoteza zaidi ya jozi moja ya mikono.

Hatari hiyo si ya kubuni. Vyombo vya plastiki na alumini vilipoenea, chungu cha kupikia na mtungi wa maji havikuhitajika tena katika kila nyumba. Familia nyingi zilizima matanuri yao, na ufinyanzi ukabaki zaidi katika mtaa wa Nam Dieu. Kilichobadilisha hali hiyo ni mambo mawili yaliyokuja kwa pamoja. La kwanza ni ukarabati wa mji wa kale. Paa za Hoi An huezekwa kwa vigae vyembamba vilivyopinda, kimoja kikilala chali na kingine kikikifunika, ambavyo wenyeji huviita vigae vya yini na yangu. Kanuni za hifadhi haziruhusu paa hizo kuezekwa kwa bati, kwa hiyo mji ukahitaji tena mafundi wa vigae. La pili ni wageni wenyewe. Mgeni anayeingia kijijini hununua tiketi, na tiketi hiyo humpa zawadi ya kipenga kidogo cha udongo chenye umbo la mnyama, kiitwacho tò he. Hupewa pia nafasi ya kuketi kwenye gurudumu na kuharibu donge la udongo, jambo ambalo wafinyanzi hulivumilia kwa ucheshi.

Ng'ambo ya mto, Kim Bong hujulikana kwa milio ya patasi kabla ya kuonekana. Maseremala wake nao hutaja asili ya kaskazini, katika karne ya 15 na ya 16. Kazi zao zina matawi matatu: ujenzi wa nyumba na mahekalu, samani na nakshi, na uundaji wa mashua. Nyumba za kale za Hoi An ni ushahidi wa tawi la kwanza. Nguzo na boriti huunganishwa kwa ulimi na tundu, bila kutegemea misumari, na mbao zilizopendelewa ni pamoja na za mfenesi, mti ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaufahamu zaidi kwa tunda lake. Mbao za mfenesi hazishambuliwi upesi na mchwa, na rangi yake ya manjano hugeuka kahawia kadiri miaka inavyopita.

Muundo huo una faida inayoonekana kila mwaka. Thu Bon hufurika katika miezi ya Oktoba na Novemba, na mji wa kale uko chini. Katika nyumba ya Tan Ky, mojawapo ya nyumba kongwe zinazopokea wageni, kuna alama ukutani zinazoonyesha kina cha maji katika mafuriko mbalimbali, likiwamo la mwaka 1964 ambalo wazee bado wanalitaja. Maji yanapopanda, familia hupandisha samani ghorofani kwa kamba kupitia tundu la dari. Maji yakishuka, matope husafishwa na nguzo hukaushwa. Ubao ulioharibika hutolewa na kuwekwa mwingine. Kazi hiyo humwendea seremala anayejua muungano wa zamani. Kwa maneno mengine, mafundi wa Kim Bong ni sehemu ya mfumo wa kukabili maafa wa mji huo, ingawa vipeperushi vya utalii haviwaelezi hivyo.

Uundaji wa mashua ndilo tawi lililopungua zaidi. Kwenye ukingo wa kisiwa bado huonekana chombo kimoja au viwili vikiwa juu ya magogo, vikibadilishwa mbao na kupigwa kalafati, lakini sehemu kubwa ya kazi sasa ni ukarabati wa mashua za utalii zilezile zinazoleta wageni. Huko Cam Thanh kuna chombo cha aina nyingine: kikapu cha duara kilichosukwa kwa mianzi na kuzibwa kwa kinyesi cha ng'ombe na utomvu wa mti ili kisipitishe maji. Inasimuliwa kuwa wavuvi walikipenda wakati wa utawala wa Kifaransa kwa sababu kikapu hakikutozwa kodi ya mashua. Leo kazi yake kubwa ni kuzungusha watalii kwa muziki wa sauti ya juu, na wako wenyeji wasiofurahishwa na kelele hizo.

Serikali ya Vietnam haijaviacha vijiji hivyo kwa soko peke yake. Amri ya Serikali Na. 52 ya mwaka 2018 kuhusu maendeleo ya kazi za ufundi vijijini inaweka vigezo. Ufundi huhesabiwa kuwa wa jadi endapo umekuwapo mahali hapo kwa zaidi ya miaka 50. Kijiji hutambuliwa kuwa cha ufundi endapo angalau asilimia 20 ya kaya zake zinashiriki kazi hiyo, uzalishaji umekuwa imara kwa miaka miwili mfululizo, na masharti ya mazingira yanazingatiwa. Utambuzi huo hufungua mlango wa misaada ya mafunzo, miundombinu na utangazaji wa bidhaa, na unaweza kuondolewa kijiji kikishindwa kukidhi vigezo. Kigezo cha kaya ndicho chenye uzito: mafundi wawili mahiri waliobaki katika kijiji kizima hawatoshi.

Sambamba na hilo, tangu mwaka 2018 nchi hiyo inaendesha mpango wa bidhaa moja kwa kila kata, unaofahamika kwa kifupi kama OCOP, ambao ulichukua mfano kutoka jimbo la Oita nchini Japani. Bidhaa hupimwa na kupewa nyota, na anayenunua anaweza kuitambua kwa alama hiyo. Ufundi wa mbao wa Kim Bong uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2016, na ufinyanzi wa Thanh Ha mwaka 2019. Mwaka 2023 Hoi An yenyewe ilijiunga na Mtandao wa Miji Bunifu wa UNESCO katika kundi la ufundi na sanaa za jadi.

Hata hivyo, hadhi na fedha ni mambo mawili tofauti. Tiketi ya kijiji na onyesho la nusu saa humpa mfinyanzi kipato cha haraka kuliko mtungi unaochukua siku kadhaa kufinyangwa, kukaushwa na kuchomwa. Matokeo yake ni kwamba vinyago vidogo vinavyoingia katika begi la msafiri huzidi kutengenezwa, na vyombo vikubwa, ambavyo ndivyo kipimo cha ustadi, hupungua. Mgeni anayetaka pesa yake imfikie fundi hana budi kuuliza bidhaa imetengenezwa wapi, kwa kuwa si kila kinachouzwa kandokando ya mto kilitoka katika tanuri au karakana ya kijiji hicho.

Kwa Watanzania wanaofikiria safari hiyo, nchi hizo mbili zina uhusiano wa kidiplomasia tangu mwaka 1965. Kuanzia tarehe 15 Agosti 2023, Vietnam hutoa viza ya kielektroniki kwa raia wa nchi zote, yenye muda usiozidi siku 90 na inayoruhusu kuingia zaidi ya mara moja. Kipindi cha Februari hadi Agosti ndicho chenye mvua kidogo katika eneo la Hoi An. Mashua nyingi huondoka asubuhi kabla jua halijawa kali. Alasiri wafinyanzi hufunika udongo uliobaki kwa plastiki yenye unyevu, ili usikauke kabla ya kazi ya kesho yake.