Nukta Tuli na Nukta Hamaji: Hesabu za Sehemu katika Programu za Simu za Mkononi

Miongoni mwa mambo yanayowatatiza wanaoandika programu za simu za mkononi, liko moja ambalo kwa juu juu huonekana kuwa la mafundi peke yao, lakini likichunguzwa linagusa pia kazi ya wanaoshughulikia istilahi. Jambo lenyewe ni namna ya kuiandika namba yenye sehemu ndani ya mashine. Je, nukta inayoitenga namba nzima na sehemu yake ikae mahali pamoja daima, au iruhusiwe kuhama? Uamuzi huo huathiri kasi ya programu, matumizi ya betri na, lililo zito zaidi, usahihi wa jibu. Makala haya yanakusudia kueleza tofauti ya njia hizo mbili, kuonyesha jinsi uzito wa kila moja ulivyobadilika katika simu, na kupima majina ambayo Kiswahili kingefaa kuzipa.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba kichakataji cha tarakilishi hakijui ila tarakimu mbili, sifuri na moja, na kwamba nafasi ya kila tarakimu huitwa biti. Namba nzima haina taabu: huandikwa kama ilivyo. Namba yenye sehemu ndiyo inayodai ujanja. Katika njia ya kwanza, mwandishi wa programu huchukua, tuseme, biti 32 na kuamua kwamba 16 za kushoto zitakuwa za namba nzima na 16 za kulia zitakuwa za sehemu. Nukta yenyewe haiandikwi popote. Ni makubaliano tu, na mashine hudhani inashughulikia namba nzima. Mwenye duka anayeweka hesabu zake kwa senti badala ya shilingi hufanya jambo lilo hilo: shilingi 45.50 huziandika 4550, akajumlisha na kutoa bila ya kuikumbuka nukta, kisha akairudisha anapomwandikia mteja stakabadhi. Kuzidisha kunahitaji hadhari, kwa kuwa jibu hutoka likiwa limekuzwa mara mbili, na hapana budi lisogezwe nafasi 16 upande wa kulia ili lirudi katika kipimo chake. Njia hii ina mipaka migumu. Namba kubwa haiwezi kufika 32,768, na hatua ndogo kabisa ni sehemu moja ya 65,536. Mtu akizidisha 200 kwa 200 katika mpango huo, jibu halienei. Hufurika, na mashine isipokatazwa hutoa -25,536 bila ya kuona haya.

Katika njia ya pili, biti 32 hizo hizo hugawanywa vingine. Moja ni ya alama ya kujumlisha au kutoa, 8 ni za kipeo, na 23 ni za tarakimu zenyewe. Kipeo ndicho kinachosema nukta iko wapi. Wanafizikia wamezoea jambo hili wanapoandika 3 mara 10 kwa kipeo cha 8 badala ya kupanga sifuri nane. Konrad Zuse aliitumia njia hii katika mashine yake ya Z3 huko Berlin mwaka 1941, lakini kwa miaka mingi kila mtengenezaji alikuwa na kanuni zake, hata programu moja ikaweza kutoa majibu tofauti katika mashine mbili. Fujo hiyo ilipungua mwaka 1985 ilipotolewa kanuni iitwayo IEEE 754, ambayo William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndiye aliyekuwa mhimili wake; kwa kazi yake katika hesabu za namna hii alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Faida ya mpango huu ni upana: biti 32 zinaweza kubeba namba zinazozidi 10 kwa kipeo cha 38. Lakini upana huo hununuliwa. Tarakimu zinazoaminika ni kama saba tu za kawaida. Ikifika 16,777,216, namba ya biti 32 ya aina hii haikubali tena kuongezwa moja: 16,777,216 na 1 ni 16,777,216, na mwenye kuongeza shilingi moja moja ataongeza mpaka kesho pasipo na nyongeza.

Hapa ndipo istilahi inapoingia. Kiingereza huziita nukta hizi kwa maneno yenye maana ya iliyokazwa na inayoelea, na mfasiri mwenye haraka huchukua neno kwa neno akasema "nukta inayoelea". Tafsiri hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, katika Kiswahili kinyume cha kuelea ni kuzama, wala si kutulia. Chombo kilichotia nanga nacho chaelea. Basi mwanafunzi anayesikia "nukta inayoelea" hana sababu ya kuipambanisha na nukta isiyosogea. Pili, kitenzi hiki kina maana nyingine ya kuwa wazi akilini, kama isemwavyo kwamba jambo limemwelea mtu, na ni kejeli kidogo kuliita kwa neno hilo jambo ambalo wengi haliwaelei. Lililo muhimu katika dhana yenyewe ni kwamba nukta hubadilisha makazi kwa amri ya kipeo. Kitenzi cha kuhama kinalibeba wazo hilo bila ya kulipinda, na sifa "hamaji" tayari inajulikana kwa watu na mifugo. Upande wa pili, "tuli" limekwisha kuzoeleka katika umeme tuli. Kwa hiyo makala haya yanapendelea "nukta hamaji" na "nukta tuli". Huenda wengine wakaona "nukta hamaji" ni neno la porini kupita kiasi. Hata hivyo jozi hii inapambanisha kweli, na jozi ya istilahi isiyopambanisha haina kazi.

Liko jambo jingine ambalo msamiati wetu unalieleza vizuri kuliko vitabu vingi vya ufundi. Wengi hudhani kwamba nukta hamaji hukosea kwa sababu inahama. Sivyo. Makosa mengi hutokana na kule kuandika sehemu kwa tarakimu mbili tu, na yanazikumba njia zote mbili. Mashine inaweza kuandika kwa ukamilifu sehemu zile tu zinazopatikana kwa kugawa mara mbili, na tena mara mbili. Kiswahili kilizirithi sehemu hizo kutoka Kiarabu zikiwa na majina yake: nusu, robo, thumuni. Vipimo vya nafaka vya pwani navyo vilifuata njia hiyo, kwani kisaga ni vibaba viwili na pishi ni visaga viwili. Mpimaji wa pishi na kichakataji wangeelewana. Lakini sehemu ya kumi, ambayo ndiyo asili ya neno ushuru, haiandikiki. Ikiwekwa kwa tarakimu mbili huwa mfululizo usiokoma, kama vile thuluthi inavyokuwa 0.333 bila ya kikomo katika desimali za kawaida. Mashine hulazimika kuukata au kuukadiria mfululizo huo mahali fulani. Ndiyo maana programu inayotumia nukta hamaji ya biti 64, ikiulizwa 0.1 na 0.2 ni ngapi, hujibu 0.30000000000000004. Senti kumi za shilingi ni sehemu ya kumi. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mwezi Machi 2007, simu imekuwa pochi, na mwandishi wa programu ya fedha anayehifadhi shilingi kwa nukta hamaji anatafuta ugomvi na mkaguzi wa hesabu. Senti zihesabiwe kwa namba nzima. Hapo hapana mjadala.

Mjadala uko katika kasi. Kujumlisha namba mbili za nukta tuli ni amri moja ya kichakataji. Kujumlisha za nukta hamaji ni safari: vipeo vilinganishwe, namba moja isogezwe hadi nukta zikabiliane, zijumlishwe, jibu lipangwe upya, kisha likadiriwe. Kichakataji kikiwa na kitengo maalumu cha kazi hiyo, yote hufanyika ndani kwa ndani. Kisipokuwa nacho, programu hulazimika kuiga kila hatua kwa amri za namba nzima, na jumlisho moja hugharimu makumi ya amri. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na katika simu za awali kuunda kwenyewe ndiko kulikomaliza betri. Kichakataji cha ARM7TDMI, kilichotumiwa na Nokia katika simu ya 6110 mwishoni mwa miaka ya 1990, hakikuwa na kitengo hicho. Kanuni za CLDC 1.0 za mwaka 2000, zilizoweka msingi wa programu za Java katika simu ndogo, hazikuwa na namba za nukta hamaji kabisa; ziliingizwa katika CLDC 1.1 mwaka 2003. Mwaka huo huo kanuni za michoro za OpenGL ES 1.0 zilitoa nafasi rasmi kwa nukta tuli yenye biti 16 kwa 16, yaani mpango ule ule uliotumiwa na mchezo wa Doom katika tarakilishi za mezani mwaka 1993. Mtu aliyeandika mchezo wa simu katika miaka hiyo hakuwa na hiari: alijifunza nukta tuli au mchezo wake ulikwama.

Hali hiyo haikudumu. Simu ya kwanza ya iPhone, mwaka 2007, ilikuwa na kichakataji chenye kitengo cha nukta hamaji, na OpenGL ES 2.0 ya mwaka huo ilihamishia michoro upande wa nukta hamaji. Mpito haukuwa laini. Kichakataji cha Cortex-A8, kwa mfano, kilikuwa na kitengo cha nukta hamaji kisichoweza kuanza hesabu moja kabla ya kumaliza nyingine, ingawa ubavuni mwake kilikuwa na kitengo kiitwacho NEON chenye kasi kubwa kwa namba za biti 32. Basi programu ile ile, kwa simu ile ile, iliweza kuwa nzito au nyepesi kutegemea kitengo kilichoitwa. Mwongozo wa Google kwa waandishi wa programu za Android ulishauri kwa muda mrefu kwamba nukta hamaji ichukuliwe kuwa polepole mara mbili hivi kuliko namba nzima. Usanifu wa ARM wa biti 64, uliotangazwa mwaka 2011 na kuingia katika simu kwa iPhone 5s mwaka 2013, uliondoa sababu nyingi za hofu hiyo. Katika simu za siku hizi, anayebadilisha hesabu za kawaida kuwa nukta tuli kwa ajili ya kasi peke yake aghalabu hupata hasara, kwani kule kusogeza na kuchunga mafuriko huongeza amri ambazo kitengo cha nukta hamaji kisingezihitaji. Njia ya busara ni kupima programu kwa saa, ndani ya simu yenyewe, kabla ya kuibadilisha. Na hutokea mara nyingi kwamba kinachochelewesha si hesabu hata kidogo, bali ni kungoja kumbukumbu au mtandao.

Isidhaniwe kutokana na hayo kwamba nukta tuli ni salama na hamaji ni hatari. Tarehe 25 Februari 1991, huko Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa kujikinga na makombora wa Patriot ulishindwa kulizuia kombora la Scud, na askari 28 wa Marekani wakauawa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, na hiyo sehemu ya kumi ilihifadhiwa kwa nukta tuli ya biti 24, iliyobaki ikakatwa. Kilichokatwa kilikuwa kama 0.000000095, kitu cha kudharauliwa. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa saa 100, na upungufu ule ukakusanyika hadi sekunde 0.34, muda ambao Scud husafiri zaidi ya nusu kilomita. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Juni 1996, roketi ya Ariane 5 iliangamia kama sekunde 40 baada ya kuruka kutoka Guyana ya Kifaransa, kwa sababu namba ya nukta hamaji ya biti 64 ililazimishwa kuingia katika namba nzima ya biti 16 na haikuenea. Katika mkasa wa kwanza kosa lilikuwa ndani ya njia moja. Katika wa pili lilikuwa mlangoni, pale namba inapovuka kutoka njia moja kwenda nyingine. Mlango huo ndio unaosahauliwa zaidi katika ufundishaji.

Kwa wanaoshughulikia lugha, mlango huo umekuwa wa karibu kuliko wanavyodhani. Programu zinazotambua usemi, zinazokisia neno linalofuata na zinazotafsiri ndani ya simu hutegemea modeli zenye mamilioni ya namba ndogo ndogo. Modeli hufundishwa kwa nukta hamaji katika mashine kubwa, kisha, ili ienee katika simu, namba zake hubanwa hadi namba nzima za biti 8, kila kundi likiwa na kipimo chake cha kuzikuzia. Hiyo ni jamaa ya karibu ya nukta tuli, iliyorejea baada ya kudhaniwa imekufa. Modeli yenye namba milioni 100 huhitaji baiti milioni 400 ikiwa kila namba ni ya biti 32, na baiti milioni 100 ikiwa ni ya biti 8. Na nafasi ya NEON yenye biti 128 hubeba namba 4 za aina ya kwanza kwa wakati mmoja, au 16 za aina ya pili. Katika simu ya bei nafuu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama programu itafanya kazi pasipo mtandao au haitafanya kabisa. Gharama yake ni ukadiriaji: namba mbili zilizokuwa tofauti huweza kuangukia thamani moja. Anayeibana modeli ya Kiswahili hana budi aijaribu baada ya kuibana, kwa maneno yenye minyambuliko mirefu na kwa sentensi za lahaja mbalimbali, kwa sababu kipimo cha jumla kinaweza kubaki kizuri huku maumbo yanayotokea kwa nadra yakiharibika, na katika lugha yenye viambishi kama hii, maumbo ya nadra ni mengi.