Somo la Leo: Kuchora Sura ya Mtu

Mwaka 1861 Bwana Grant, Mskoti, alifika kwa Mfalme Rumanyika. Kidonda cha mguu kikamzuia huko miezi kadhaa, naye akachora watu na nchi. Nakala ya mchoro wake mmoja mnayo mbele yenu.

Pigeni miraba juu ya nakala, na mingine hesabu ile ile katika karatasi zenu. Nakilini mraba mmoja mmoja. Msichore jicho mnalolijua; choreni mstari mnaouona. Macho hukaa katikati, kati ya utosi na kidevu: hapo karibu wote hukosea, hata mimi.

Mkizoea, mketisheni bibi mlangoni penye mwanga. Babu yangu tulimzika hana picha hata moja.

Juma lijalo, pua.