Ini la Mbwa na Gunia la Mahindi

Katika vilima vya Kimulot, ambako mashamba ya chai hupakana na msitu wa Mau, ni nyumba chache zisizokuwa na mbwa. Baadhi ya wenyeji hufuga mbwa wakubwa wa kulinda ng'ombe, na wengine hupenda mbwa mdogo alalaye barazani na kubweka mgeni afikapo. Mbwa wa namna hii haonji nyama mara nyingi. Chakula chake cha kila siku ni ukoko wa ugali, uji uliobaki sufuriani, na maziwa kidogo akibahatika. Desturi hiyo si mbaya kwa yenyewe. Lakini mbwa aishiye kwa mahindi huugua mahindi yanapoharibika, na kiungo kinachoumia kwanza ni ini.

Ini la mbwa limekaa nyuma ya mbavu za mwisho, mbele ya tumbo. Kazi zake ni nyingi: hutengeneza nyongo ya kuyeyushia mafuta, huweka akiba ya sukari, hutengeneza vitu vinavyoifanya damu igande jeraha litokeapo, na huondoa sumu katika damu itokayo matumboni kabla haijaenea mwilini. Tena ni kiungo chenye subira kubwa. Sehemu yake kubwa yaweza kuharibika na mbwa bado akacheza uani kama kawaida. Kwa hiyo dalili za kwanza ni hafifu, na watu wengi hazipati kuwashughulisha: mbwa huacha chakula chake nusu, hutapika mara moja moja, hunywa maji kupita desturi yake, hukonda, na hulala mahali pamoja mchana kutwa.

Baadaye huja dalili zisizofichika. Mwenye mbwa na amtoe nje kwenye mwanga wa jua, amwinue mdomo wa juu, autazame ufizi; kisha atazame weupe wa macho na ngozi ya ndani ya masikio. Pakiwa na rangi ya manjano, mbwa ni mgonjwa kweli. Mkojo wake huweza kuwa mweusi-mwekundu kama chai ya rangi iliyokolea. Kinyesi cheusi kama lami ni damu iliyovuja matumboni. Tumbo likijaa na kuning'inia ilhali mgongo umekonda, lina maji. Na mbwa anayeyumba kama mlevi, au anayesimama akiusukuma ukuta kwa kichwa, sumu ambayo ini halikuiondoa imekwisha fika katika ubongo.

Manjano, hata hivyo, ni alama tu, wala hayatokani na jambo moja. Homa ya kupe huvunja damu yenyewe, ikawa ufizi kwanza ni mweupe kama karatasi, halafu manjano. Mbwa wa jinsi hiyo ana homa kali, na mara nyingi kupe bado wamo masikioni. Ugonjwa mwingine huletwa na mkojo wa panya, nao huharibu ini na mafigo pamoja. Ni ule ule ulioitwa homa ya mgunda ulipowapata watu wa Lindi, Tanzania, mwaka 2022. Kwa sababu hiyo mtu asishike mkojo wa mbwa mwenye manjano kwa mikono mitupu, na watoto wasimkaribie. Iko pia virusi ya ini inayowapata watoto wa mbwa wasiochanjwa, na chanjo yake hupatikana. Baadhi ya mbwa wa mbegu ndogo huzaliwa na mshipa wa damu unaolipita ini kando, basi hawakui vizuri, na hupumbaa baada ya kula. Tena kuna madhara yatokanayo na huruma: mtu humwona mbwa wake anaumwa, akampa kidonge cha parasetamoli kilichobaki nyumbani. Kidonge kimoja cha mtu mzima ni kingi mno kwa mbwa mdogo, na chaweza kuliharibu ini ambalo hapo awali halikuwa na ugonjwa wowote.

Haya yote daktari wa mifugo atayapima. Lakini iko sababu moja ambayo mwenye nyumba aweza kuichunguza mwenyewe siku ile ile, nayo ni ukungu wa mahindi.

Ukungu huo ni wa rangi ya kijani na manjano, nao hutoa sumu iitwayo sumukuvu, ambayo wataalamu huiita aflatoksini. Ni ajabu kwamba mbwa waliionyesha sumu hii kabla haijapewa jina. Mwaka 1952 madaktari wa wanyama wa kusini ya Marekani walieleza habari za ugonjwa wa ini uliokuwa ukiua mbwa bila sababu kujulikana. Mwaka 1955 ilionekana kwamba chakula chenye ukungu chaweza kuuleta. Kisha katika mwaka 1960 batamzinga wapatao 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya njugu yaliyotoka Brazil. Hapo ndipo sumu ilipotafutwa, ikapatikana, na mwaka 1966 ikathibitishwa kwamba ugonjwa wa wale mbwa wa Marekani ulikuwa ni huo huo. Hapa Kenya, katika miaka ya 1977 na 1978, mbwa wengi na kuku walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret kwa chakula kilichowekwa vibaya.

Kwamba jambo hili si la mbwa peke yao lilionekana wazi magharibi ya India mwaka 1974. Watu wa vijiji vilivyokula mahindi yenye ukungu walipatwa na manjano na tumbo kujaa maji, na mbwa wao walioshiriki chakula kile kile wakaugua vivyo hivyo. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mwaka 1981 wagonjwa 20 walilazwa hospitali katika wilaya ya Machakos, na 12 miongoni mwao wakafa. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika, waliougua walikuwa 317, na waliokufa 125.

Huenda mtu wa Kimulot akasema kwamba hizo ni nchi za joto, na kwao kuna baridi. Ni kweli kwamba ukungu huu hupenda joto. Lakini katika nchi ya chai mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu na kukoma. Mahindi huvunwa katika ukungu wa asubuhi, yakaanikwa kati ya manyunyu mawili, yakatiwa ghalani kabla hayajakauka. Isitoshe, sehemu kubwa ya ardhi imepandwa chai, na familia nyingi hununua mahindi sokoni. Gunia lililonunuliwa huja na historia yake, wala mnunuzi hajui lilikaa wapi na kwa muda gani. Mahindi yaonekanayo safi pia yaweza kuwa na sumu.

Hapa pana jambo linalostahili kufikiriwa sana. Mama wa nyumba mwenye bidii huyachambua mahindi kabla ya kuyapeleka kinuni. Huondoa punje zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, na zilizobadilika rangi. Anafanya vema, kwa maana katika punje hizo ndimo mlimo sehemu kubwa ya sumu. Lakini zile punje mbovu hazitupwi. Husagwa mbali, zikapikwa uji wa mbwa. Kwa njia hiyo sumu iliyokuwa imetawanyika katika gunia zima hukusanywa katika sahani moja, akapewa mnyama ambaye ini lake ni miongoni mwa yaliyo dhaifu kabisa mbele ya sumu hii. Na mbwa akiwa mdogo, mwenye uzito wa kilo nne au tano, anakula kiasi kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake. Kupika hakusaidii, kwa kuwa moto wa jikoni hauivunji sumukuvu.

Basi mbwa mdogo akionekana na dalili zilizotajwa, kazi ya kwanza ni kuacha kabisa chakula alichokuwa akila, siku hiyo hiyo, bila kungoja daktari aseme. Apewe wali laini pamoja na yai lililochemshwa, au viazi na maziwa mabichi yaliyochemshwa ikiwa tumbo lake huyapokea. Apewe kidogo kidogo mara nne au tano kwa siku, kwa maana ini lililochoka halimudu mlo mkubwa. Chumvi na mafuta yaepukwe. Wako wanaodhani kwamba mgonjwa wa ini lazima anyimwe nyama, maziwa na mayai. Hilo ni kosa, kwani ini hujijenga upya kwa vyakula hivyo. Ni yule tu anayeyumba na kupumbaa ndiye apunguziwe, tena kwa shauri la daktari. Asipewe dawa ya minyoo wala dawa za miti shamba wakati huu, na mbwa asiye na fahamu nzuri asitiwe uji kinywani kwa nguvu, usije ukaingia mapafuni.

Kisha apelekwe kwa daktari wa mifugo. Daktari atachukua damu na kupima kiasi cha vitu vinavyovuja kutoka katika ini lililojeruhiwa, ataangalia kama damu inaganda, na kutafuta vijidudu vya kupe. Sumukuvu haina dawa ya kuifuta. Kinachowezekana ni kumtia mbwa maji mshipani, kumpa vitamini K ikiwa anavuja damu, dawa za kuzuia kutapika, na za kulisaidia ini lijitengeneze. Mbwa aliyekwisha kuwa wa manjano na kutokwa damu mara nyingi hufa. Yule aliyewahiwa wakati alikuwa amekataa chakula tu huweza kupona, lakini huchukua majuma mengi, na yafaa damu yake ipimwe tena kabla ya kurudishiwa chakula cha kawaida.

Wakati mbwa anatibiwa, gunia nalo lishughulikiwe. Iko njia rahisi ya kujua kama mahindi yamekauka. Chukua chupa kavu yenye kizibo, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, ongeza mahindi hata yafike kiasi cha theluthi moja ya chupa, utikise kwa dakika chache, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikigandama ubavuni mwa chupa, mahindi yana maji zaidi ya sehemu 15 katika 100, na hayafai kuwekwa. Yaanikwe tena juu ya turubai, si juu ya udongo, mpaka yafikie sehemu 13 hivi, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Punje mbovu zichomwe au zifukiwe. Ng'ombe asipewe, maana sehemu ya sumu hupita ikaingia katika maziwa, na maziwa hayo hunywewa na watoto. Kuku wasipewe. Wala zisitiwe katika busaa kwa kudhani kwamba kuchacha kutazisafisha. Mwaka 2014 watafiti walitangaza matokeo ya uchunguzi wa busaa iliyopikwa katika Kaunti ya Bomet, na sumukuvu ilikutwa humo.

Ikiwa mbwa amekufa, au wawili wameugua katika nyumba moja, familia iache kula mahindi yale mpaka yapimwe, na mtu yeyote wa nyumba hiyo mwenye macho ya manjano apelekwe hospitali bila kukawia. Mahindi ya kupimwa yachotwe juu, katikati na chini ya gunia, kwani sumu haikai mahali pote sawasawa. Yachanganywe, itwaliwe kilo moja au mbili, itiwe katika mfuko wa karatasi, si wa plastiki, usije ukayatia jasho na kuuzidisha ukungu. Juu ya mfuko yaandikwe jina la mwenye mahindi, mahali yaliponunuliwa na tarehe. Afisa wa mifugo wa kata ndiye ataeleza mfuko huo upelekwe wapi: iko maabara ya Serikali ya magonjwa ya mifugo Kericho, na iliyo kubwa zaidi iko Kabete.