Umeme wa Injini Ndogo: Mfumo wa Cheche na Mfumo wa Chaji

Mwanafunzi, pampu ya maji au jenereta ndogo ya petroli yenye betri ina mifumo miwili ya umeme. Mmoja hutoa cheche ya kuchoma mchanganyiko wa petroli na hewa. Mwingine huchaji betri. Wengi hupoteza alama, na wengine huunguza koili, kwa kudhani kwamba mifumo hii ni kitu kimoja.

1. Gurudumu moja, koili tofauti

Kwenye gurudumu tegemeo (flaiwili) kumefungwa sumaku. Linapozunguka, sumaku hupita karibu na koili zisizosogea, na usumaku unaopita ndani ya koili hubadilika. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba badiliko hilo huzalisha umeme. Kadiri badiliko linavyokuwa la haraka, ndivyo volti zinavyoongezeka. Ndiyo maana ukivuta kamba kwa ulegevu, injini haiwaki.

2. Mfumo wa cheche

Koili ya cheche ina sehemu mbili: koili ya msingi yenye mizunguko michache ya waya mnene, na koili ya upili yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba. Mkondo wa koili ya msingi unapokatwa ghafla, koili ya upili hutoa maelfu ya volti, ambazo huruka pengo la plagi. Katika injini nyingi za aina hii pengo hilo ni milimita 0.7 hadi 0.8.

Kumbuka mambo mawili:
(a) Mfumo huu hauhitaji betri.
(b) Swichi yake ni kinyume cha swichi ya taa. Sakiti ikifungwa, taa huwaka. Lakini swichi ya kuzimia injini ikifunga sakiti, huunganisha koili ya msingi na bodi ya injini (ethi), na cheche hukoma. Kwenye injini zenye swichi ya oili, oili ikipungua matokeo ni hayohayo.

ONYO: Usiunganishe waya wa kuzimia na betri. Katika karakana niliyowahi kufundisha, vijana wawili waliona waya umelegea, wakauunganisha na ncha chanya ya betri ili "koili ipate umeme". Koili iliungua, na bustani ya shule ikakosa maji hadi koili nyingine iliponunuliwa.

3. Mfumo wa chaji

Koili za chaji hutoa mkondo geu, lakini betri huhitaji mkondo mnyoofu. Kazi ya kubadilisha hufanywa na diodi zilizo ndani ya regyuleta, ambayo pia huzuia volti zisizidi. Betri ya volti 12 iliyojaa, injini ikiwa imezimwa, husoma takribani volti 12.6. Injini ikinguruma, isome kati ya 13.5 na 14.5.

4. Kutafuta hitilafu

Injini haitoi cheche:
(i) Angalia kiwango cha oili na nafasi ya swichi.
(ii) Funga koki ya mafuta na uwe mbali na petroli iliyomwagika. Fungua plagi, irudishe kwenye kofia yake, gusisha chuma chake na bodi ya injini, kisha vuta kamba. Shika kwa koleo lenye mpini wa mpira.
(iii) Hakuna cheche? Jaribu plagi nzima.
(iv) Bado? Chomoa waya wa kuzimia kwenye koili. Cheche ikirudi, koili ni nzima. Kosa liko kwenye swichi au waya uliochubuka na kugusa bodi.
(v) Isiporudi, safisha kutu na upime nafasi kati ya koili na gurudumu. Kwa kawaida ni takribani milimita 0.3. Koili ibadilishwe mwisho, si mwanzo.

Betri haijai: kagua fyuzi na vichwa vya betri, kisha pima volti za mkondo geu zinazotoka kwenye koili za chaji. Zikiwepo, shuku regyuleta na nyaya zake. Zisipokuwepo, shuku koili zenyewe. Kabla ya kufungua nyaya zozote, zima injini na utoe kwanza ncha hasi ya betri.

5. Swali la mfano

Pampu inawashwa kwa kamba na inanguruma vizuri. Betri inasoma volti 12.3 injini ikiwa imezimwa, na 12.3 ikiwa inafanya kazi. Fundi anataka kubadilisha koili ya cheche. Je, yuko sahihi? (Alama 4)

Jibu: Hapana (alama 1). Injini inanguruma, kwa hiyo cheche ipo (alama 1). Volti hazikupanda injini ilipowashwa, kwa hiyo betri haichajiwi (alama 1). Akague fyuzi, koili za chaji na regyuleta (alama 1).

Kidokezo cha mtihani: kabla ya kutaja kifaa chochote, andika kwanza hitilafu iko katika mfumo upi.