JE, WAJUA? Siku Niagara Iliponyamaza

Je, wajua kwamba maporomoko ya Niagara yaliwahi kukatika? Mwishoni mwa Machi 1848, upepo mkali ulisukuma mabarafu ya Ziwa Erie hadi yakaziba mdomo wa Mto Niagara, pale Buffalo, Marekani. Watu waliozoea ngurumo usiku na mchana wakashtushwa na ukimya. Wajasiri wakashuka mtoni kwa miguu, wakaokota bayoneti za vita vya 1812 zilizolala matopeni. Baada ya zaidi ya siku nzima barafu liliachia, maji yakarudi kwa kishindo.

Buffalo ya leo ina wakimbizi wengi kutoka Kongo, kwa hiyo usishangae kusalimiwa kwa Kiswahili. Milima usiitafute, ufuo wa ziwa upo, na Niagara iko kilomita 30 hivi kaskazini. Tangu 2020 boti za umeme hukusogeza hadi karibu na maji yanapoangukia. Unavishwa koti la plastiki la buluu, na bado viatu vinalowa chapachapa. Ila kwa urefu, maporomoko ya Victoria ya kwetu Afrika, mita 108, yanaizidi karibu maradufu.

 

Ukipanga safari ya Niagara, epuka majira ya baridi: boti hazitoki.