Baiskeli kuukuu ni dawa ya moyo, lakini anza na breki

Je, nyumbani kwenu ipo ile baiskeli nzito ya chuma, Black Mamba, iliyoachwa ikishika kutu? Usiiuze kama chuma kikuukuu. Shirika la Afya Duniani (WHO) hushauri mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 au zaidi kila wiki. Ukiendesha dakika 15 kwenda kazini na 15 kurudi, siku tano, umezitimiza. Mazoezi hayo husaidia kuzuia shinikizo la damu na kisukari.

Hata hivyo, usiipande kabla fundi hajaikagua.

Kwanza, breki. Rimu za chuma zikilowa, breki hushika kwa shida. Mipira iliyolika ibadilishwe, na mvua inaponyesha anza kufunga breki mapema.

Pili, kiti. Ukiwa umekaa, weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa; mguu unyooke. Kiti kikiwa chini mno, magoti yatakuuma.

Tatu, weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, nawe uvae helmeti. Mzigo ufungwe kwenye keria, usiuning'inize kwenye usukani.

Ikiwa unaumwa na kifua unapofanya kazi ya nguvu, au presha yako iko juu, mwone daktari kwanza. Na ikiwa unatumia dawa za presha, usiziache kwa sababu umeanza kuendesha baiskeli. Daktari ndiye atakayeamua kama zipunguzwe.